Sori Haioti Mpakani

Kilichotangulia ni mlio: mfupi, mbichi, kama kitambaa kilicholowa kinachochanwa kwa mkono. Ukanyamaza. Ukaja tena, safari hii pamoja na pumzi ya mtu mzima aliyeinama. Ng'ombe wetu, ambaye haachi kutafuna kwa mvua wala kwa radi, aliacha kutafuna.

Ilikuwa asubuhi ya Desemba, Marangu. Ukungu ulikuwa umeikalia migomba tangu alfajiri, na kutoka mlango wa jikoni sikuweza kuliona banda, seuze mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Mama alikuwa anachemsha maziwa. Aliinua uso, akasikiliza, akaurudisha kwenye sufuria.

"Kuna mtu anatuibia majani ya ng'ombe," nikasema.

"Majani ya ng'ombe hayalii hivyo. Hilo ni isale."

Kwa asiyekulia huku: isale ni mmea wa majani marefu, usiokauka kiangazi wala masika, tunaoupanda kuzunguka shamba ili kila mtu ajue kwake kunaishia wapi. Tunaupanda pia makaburini. Na jani lake ndilo analobeba mtu aliyekosa anapomwendea aliyemkosea. Halikataliwi. Ukiletewa isale unasamehe, hata kama meno yako yanasagana, na ndiyo maana watu wenye haya hulichuma mara moja au mbili katika maisha yao yote.

Nilitoka na kanga ya Mama mabegani. Karibu na mfereji nikaona mgongo: koti la mjini, refu, la rangi ya kahawa iliyoungua, na viatu vya ngozi vilivyokuwa vinazama kwenye tope letu na kulalamika kila vikinyanyuliwa. Mgongo ule ukajipenyeza kati ya migomba kuelekea njia ya nje, ili uzunguke na kuja kubisha hodi mlango wa mbele kama mgeni mwema. Mpakani, kwenye safu aliyoipanda Baba, nikakuta shina limekatwa, linatoa maji.

Alikuwa baba yangu mdogo. Nilirudi jikoni nikamwambia Mama.

"Amechuma kwetu?" akauliza.

"Kwetu. Nimeona kidonda chake."

Mama akaendelea kukoroga maziwa yasije yakafurika. "Mwache azunguke," akasema.

Ili jambo hilo lieleweke, sharti nieleze kwanza sentensi moja.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika Baba. Siku ya pili baada ya maziko, ndugu na majirani wakiwa wamekaa chini ya turubai kumaliza msiba, baba mdogo alisimama, akachukua kipaza sauti ambacho hakuna aliyempa, akasema: "Katika nyumba hii ng'ombe ana daktari. Kaka yangu hakuwa naye."

Akakaa. Kipaza sauti kikapiga mluzi.

Mimi kazi yangu ni sentensi, na nilitambua papo hapo kwamba ile ilikuwa imechongwa. Ilikuwa na mizani, ilikuwa na picha, na mtoto wa darasa la tatu angeweza kuishika. Alikuwa ameitunga njiani akitoka Dar es Salaam, nina hakika, akiwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, akiizungusha mdomoni kama pipi. Sentensi yenye ukweli huja na mikwaruzo. Ile ilikuja imepigwa rangi.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi na hauna mapambo. Baba aliugua tumbo. Mama alimteremsha hospitali mjini, akalazwa, akarudi, na alipozidiwa tena akakataa kwenda. Alikataa mbele ya Mama, mbele ya mchungaji, mbele yangu. Kisha akaniambia nimpigie mdogo wake. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo nilimshikia simu nikaweka sauti ya nje, na Baba akasema: "Msimsumbue mke wangu. Mimi ndiye niliyekataa." Na sauti ya baba mdogo ikajibu kutoka Dar: "Sawa, kaka. Nimesikia." Alikuwa amesikia. Katika ugonjwa wote ule hakupanda kuja kumwona hata mara moja, na siku ya turubai alihitaji mtu wa kumvika uzembe wake. Akamtazama mjane, akaona kimo kinalingana.

Marangu haisahau sentensi nzuri. Mama akipeleka maziwa kituoni asubuhi, wanawake walikuwa wanahama kutoka mazungumzo yao kama kuku wanaohama juani. Kuna jirani mmoja, mwanamke wa kwaya, mwenye sauti ya kwanza na roho ya mwisho, alikuwa anamwamkia Mama vizuri kabisa, kisha anauliza: "Na daktari wa ng'ombe, hajambo?" Mama anajibu, "Hajambo." Watoto wao walimpa ng'ombe wetu jina la Mheshimiwa. Kwenye umoja wa wanawake wa usharika hawakumwondoa Mama kazi yake ya kutembelea wagonjwa. Waliacha tu kumpangia mgonjwa.

Mama hakumjibu mtu. Usiku mmoja tukipukuchua mahindi aliniambia anachokitaka, akakisema mara moja tu: yule aliyeisema ile sentensi aiondoe, kwa mdomo uleule, mbele ya watu walioisikia. Hakutaka kitu kingine. Nami nikajua kwamba ameomba kitu ambacho baba mdogo hana.

Alichokuwa nacho kilikuja kwa simu yangu, miezi ikiwa imepita. "Sori shem kwa yote. Tusonge mbele." Chini yake viganja viwili vilivyounganishwa, na ua.

Mama aliusoma ujumbe dirishani, amevaa miwani ya Baba. "Kwa yote yapi?"

"Hajasema."

"Muulize."

Nikamwandikia. Jibu likaja haraka, kwa maana mtu asiyefikiri hachelewi: "Kwa yote tu mwanangu. Mungu anajua."

"Mungu anajua, kweli," Mama akasema, akinirudishia simu. "Waliokaa chini ya turubai ndio hawajui."

Wakati huohuo, mjini Moshi, kikundi chetu cha waandishi kilikuwa kimepata mchezo mpya. Tunakutana Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha mgahawa, watu tunaovaa skafu kwenye joto. Yupo mshairi anayeuandika mlima kila wiki na kuupa kisogo kila siku. Yupo mwanamke anayesoma hadithi zake kwa sauti ya chini sana ili tuinamishe vichwa, kisha anadhani tumeinama kwa heshima. Mchezo wenyewe ulikuwa huu: kila mmoja alete neno fupi la Kiingereza, alifukue asili yake, ahesabu maana zake, na sisi tushangae. Mmoja alikuwa ameleta neno lao la kukimbia, ambalo maji, soksi, pua, kampuni na mgombea ubunge wote hulitumia, na tulikaa tukishangaa mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu kumi na kitu wanaojiita waandishi wa Kiswahili wanatumia Jumamosi zao kuosha vyombo vya jirani.

Zamu yangu ilipofika nikaleta lile lililokuwa kwenye ujumbe wa baba mdogo.

Nililifukua vizuri, kwa sababu nilikuwa na hasira nalo. Nikawaambia kwamba watu wengi, hata Waingereza wenyewe, hudhani neno hili ni mtoto wa neno lao la huzuni, kwa vile yanafanana sura. Si kweli. Halina udugu nalo. Limezaliwa kwenye nyumba nyingine, nyumba ya neno lao la kidonda. Zamani sana, aliyesema neno hili alikuwa anasema: nina kidonda, panauma hapa. Mtu hakulitamka mpaka aumie. Baadaye likaanza kumaanisha mtu wa kusikitikiwa, halafu kitu duni, hovyo, kisicho na thamani. Farasi mwenye mbavu nje waliweza kumwita kwa neno hilo. Karne nyingi zikapita ndipo likawa neno la kutupa mtu akikukanyaga. Sasa wanalitumia wakitaka urudie ulichosema, wakitaka upishe, wakikukatiza maneno, wakikunyima. Neno lililotoka kwenye jeraha limekuwa sauti ya koo, kama kikohozi.

Kisha nikawaeleza lilivyofika kwetu. Pasua, mtaa wa Moshi ninakopanga chumba, ukijikwaa kwenye mtaro mbele ya mafundi cherehani, safu nzima inanyanyua vichwa na kusema "sori," na hakuna hata mmoja aliyeuchimba ule mtaro. Hiyo siidharau. Hiyo ni pole iliyovaa shati la mtumba, na inampendeza. Lakini nimeona pia, kwenye njia inayoteremka kutoka mlimani, mpagazi amebeba meza ya kulia chakula kichwani, na mwenye meza, mgeni mwekundu kwa jua, akimpisha na kumwambia neno hilo kwa uso wa huruma kabisa. Mpagazi naye akalirudisha. Wakaagana kwa adabu. Meza ikabaki kichwani kwa mpagazi.

Wenzangu walifurahi mno. Mshairi wa mlima alifumba macho. "Ni neno kubwa," akasema. "Lina ukarimu. Linampokea kila mtu."

"Choo cha stendi nacho kinampokea kila mtu," nikasema.

"Dada yetu leo ameamka vibaya."

"Nimeamka vizuri. Nauliza tu, Kiswahili kilikosa nini? Ukisema pole, umesema umepita njia, umekuta mtu anaumia, hukumuumiza wewe. Ukisema samahani, umemgusa kidogo. Ukisema nisamehe, umekubali kwamba ni wewe. Lazima uchague unasimama wapi. Hili la kwao linakuruhusu umpige mtu jiwe, kisha ujipange kwenye mstari wa wanaompa pole."

Yule mwanamke wa sauti ya chini akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hapo kuna makala nzuri sana, niiandike nusu Kiingereza ili ifike mbali. Nikatazama dirishani. Nyuma ya mgahawa mtu alikuwa anamenya ndizi na kutupia maganda kwenye ndoo, kwa kasi ya mtu mwenye kazi, na niliona wivu.

Desemba ikafika, na pamoja nayo magari. Anayeishi huku anaujua msafara huo: watu wetu wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, wanapanda kwa foleni kuja kutuonyesha jinsi wanavyotukumbuka. Baba mdogo alikuja mapema kuliko kawaida yake, maana alikuwa na shida. Binti yake alikuwa anaolewa. Sherehe ya kumuaga ilipangwa kufanyika huku mlimani, kwenye nyumba ya baba mdogo, na wazee wa ukoo walikuwa wamemwambia hawataketi kula katika nyumba yenye ugomvi na nyumba ya kaka mkubwa. Baba alikuwa ndiye kaka mkubwa. Bila Mama, viti vya mbele vingebaki vitupu, na wakwe wangeuliza.

Nyumba yenyewe inastahili maneno machache. Iko jirani na yetu, kwenye sehemu yake ya kihamba cha babu. Alipoijenga aling'oa kahawa, akang'oa migomba, akang'oa masale yote kuzunguka, akayarundika na kuyachoma, yakawaka kwa shida na moshi mwingi kwa vile yalikuwa mabichi. Mahali pake akajenga ukuta wa matofali ya saruji wenye chupa zilizovunjwa juu, na geti lenye vichwa viwili vya simba, wanyama ambao hakuna babu yetu aliyewahi kuwafuga. Nyumba ina roshani tatu na haina jiko la kuni. Inawaka taa siku chache za mwisho wa mwaka, kisha inakaa gizani ikitutazama. Safu pekee ya masale iliyobaki pale ni ile ya upande wetu, aliyoipanda Baba akiwa kijana, mbele ya ule ukuta.

Mara ya kwanza alikuja mchana na mzee mmoja wa ukoo, binamu wa babu yangu, mtu anayependa amani hasa ikiwa imechomwa na kupakwa chumvi. Walileta gunia la mchele, mafuta ya kupikia, vitenge, na shada la maua lililofungwa kwenye plastiki inayolia. Baba mdogo ni mrefu, na mlango wetu ni wa zamani. Aligonga kichwa akiingia.

"Shemeji, shikamoo," alimwambia Mama, ingawa yeye ndiye aliyemzidi Mama umri. Heshima ikizidi namna hiyo huwa na mguu mmoja nje.

"Karibuni. Kaeni." Mama aliwapakulia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Huku hatumwachi mtu na njaa kwa sababu tu hatumpendi.

Walikula. Baba mdogo alisifu mtori, akasifu dari, akanigeukia. "Na wewe mwandishi, unatuandika lini?"

"Baba mdogo, mkikaa vizuri mtaandikwa vizuri."

Akacheka kwa meno tu. Kisha akaweka kijiko. "Shem, mimi ni mtu wa kunyooka. Nilishatuma ujumbe, nikasema sori. Leo nimekuja mwenyewe. Sori, shem. Kutoka moyoni."

"Sori ya nini, shemeji?"

"Ya yote."

"Taja moja."

Akamtazama mzee. Mzee akatazama nyama kwenye bakuli. "Shem," akasema baba mdogo, "tukianza kutaja tutamaliza lini?"

"Mimi nina moja tu," Mama akasema. "Tutamaliza kabla mtori haujapoa."

Hakutaja. Aliongea habari za familia, za umoja, za wakwe waliosoma. Walipoondoka Mama aliagiza mchele na mafuta vibebwe hadi kwenye gari, na vitenge juu yake. Maua alimpa ng'ombe, plastiki akaitoa kwanza. Pale nje, wakidhani tumefunga dirisha, nilimsikia mzee akisema: "Wewe nawe. Sori ni ya huko kwenu mjini. Huku lete isale. Akiletewa isale atakataaje? Hakatai mtu."

"Isale linapatikana wapi?"

"Mtoto wa Marangu anauliza isale linapatikana wapi," mzee akasema, na akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo asubuhi ile ya ukungu nilijua. Alikuwa amelala kwenye roshani zake tatu, akaamka, akazunguka ukuta wake wote, na kutoka geti hadi geti hakuna alichoona ila saruji na chupa. Mwingine angeteremka kwa ndugu, akaomba, akaeleza sababu, akaona haya kidogo, na ile haya ingekuwa nusu ya kazi. Yeye aliona jani zuri upande wa pili, la mjane wa kaka yake, akalikata.

Hodi ikasikika mlango wa mbele. Mzee naye alikuwepo; alikuwa amengoja njiani, koti lake la msibani limebana. Mama akavua aproni, akakaa kwenye kiti cha Baba, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Baba mdogo aliinama vizuri safari hii akapita mlangoni salama. Alipiga goti moja sakafuni, akanyoosha mikono miwili yenye isale. Tone la maji lilitoka kwenye shina likaangukia sakafu ya Mama iliyong'arishwa. Aliyemfundisha alikuwa amemfundisha kila kitu kinachoonekana.

Mzee akasafisha koo. "Mama, wewe unajua. Hili halikataliwi. Likikataliwa, ukoo mzima unaumwa."

"Najua," Mama akasema. Hakunyoosha mkono bado. "Umelichuma wapi, shemeji?"

"Hapo mpakani."

"Mpaka wa nani?"

"Mpaka wetu, shem. Si ni mpaka mmoja?"

"Wewe una ukuta."

Mzee aligeuza kichwa akamtazama baba mdogo, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimsahau mbuzi wa kuchinjwa siku ya upatanisho. "Umekata kwake?" akauliza polepole. "Umekata kwake halafu unamletea yeye?"

"Jani si jani tu? Masale yote si yaleyale?"

Kwenye banda ng'ombe alianza tena kutafuna.

Mama akanyoosha mikono yake miwili akalipokea. Nilidhani ameshindwa, kwamba desturi imemkamata kama ilivyokusudiwa. Alilipapasa jani kwa kidole gumba, akalifuta tope.

"Halikataliwi, na mimi silikatai," akasema. "Nimelipokea. Ila hili alilipanda mume wangu, nami nikimshikia jembe, mwaka tuliooana. Limetoka kwangu, limerudi kwangu. Lako bado halijafika."

"Shem, tafadhali. Wakwe wanakuja."

"Sikiliza. Sihitaji jani tena. Nitakuja kwenye sherehe yako, nitakaa mbele, nitamfunga binti yako kanga kwa mikono yangu, nampenda mtoto yule. Simama hapa mbele ya huyu mzee, useme ile sentensi ya kwenye turubai, halafu useme kwamba si kweli. Na siku ya sherehe uirudie kwenye kipaza sauti. Basi."

Baba mdogo alikuwa bado amepiga goti moja. Niliuona mdomo wake ukifunguka, na naapa nilimtakia heri. Kwa muda wa pumzi moja uso wake ulikuwa uso wa Baba, pua ileile, kope zilezile, na nilidhani atasema. Kisha kitu kikateleza nyuma ya macho yake, kikarudi mahali pake pa siku zote.

"Shem," akasema, "yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ndiyo iliyomuua kaka yako," Mama akasema. "Hilo ndilo ninalotaka uliseme."

Mzee akainamisha kichwa.

"Mimi nimeshasema sori," akasema baba mdogo. Aliinuka, akapangusa goti, na akalitazama goti lile kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama Mama tangu aingie. "Nimesema kwenye simu, nimesema hapa. Mtu aseme mara ngapi? Dunia nzima watu wanasema sori, mambo yanaisha."

Nilifikiria kumweleza lilikotoka neno lake, habari ya kidonda, ya farasi mwenye mbavu nje. Nikaacha; ingekuwa kumpa maua.

Mama alinipa lile jani. Lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia, shina lake bado lina maji. "Isale hushika likichomekwa," akasema. "Kalichomeke palepale lilipotoka, kabla jua halijatoka." Akasimama, akamuuliza mzee kama atakunywa maziwa. Mzee akasema atakunywa, asante, na akajisogeza kutoka karibu na baba mdogo hadi benchi la ukutani. Hatua zenyewe zilikuwa chache, lakini wote tuliziona.

Baba mdogo alichukua funguo zake za gari mezani. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika isale kwa mkono mmoja, nikampisha. Alitoka kwa haraka, kichwa juu, akiwa ameshasahau mlango wetu ulivyo mfupi, na paji lake likagonga kizingiti kwa kishindo kilichotikisa kioo cha dirisha.

"Sori," akauambia mlango.

Lilimtoka jepesi, laini, bila kuulizwa la nini. Viatu vyake vikaanza kulalamika topeni, kuelekea ukutani kwake. Nikaufunga mlango kwa mkono uliobaki.